Kaya Haikupatikana

Yosefina aliingia ofisi ya bima pale Mlabani, mjini Ifakara, ameshika kandambili mkononi, maana sakafu ilikuwa inang'aa na miguu yake ilikuwa bado na matope ya kijijini kwao Mbingu. Nyumbani alikuwa amemwacha mumewe, Agapiti, kitandani, mguu umebanwa kwa mbao. Pawatila, trekta dogo la kukokota tela, ilimlalia ilipokuwa imebeba vyombo vyao kwenda shambani. Hospitali walisema mfupa unataka chuma, tena upesi, kwa sababu kidonda kimeanza kunuka. Bima ikakataa kutoa kibali. Bila kibali hakuna wa kumpasua.

"Shikamoo, mama," alisema kijana wa dirishani. Kitambulisho kilichoning'inia shingoni kilisema Valentino.

"Marahaba, baba. Nimekuja kukata rufaa ya mume wangu."

Kijana alibofya kompyuta, akasoma, akakuna kidevu. "Mama, nyie mmefutwa. Mhakiki alifika kwenu mwaka jana, kaya haikupatikana. Mlango umezibwa kwa matawi, mafiga ya baridi. Kaya hewa."

Yosefina akacheka. Alidhani mambo yamekwisha. "Kumbe ni hilo tu! Tulikuwa ng'ambo ya mto, baba, tunaamia ndege, tunawafukuza kwa madebe wasile mpunga. Mpunga ukishaanza kushika maziwa, mtaa wetu mzima unahamia shambani, na kuku wetu. Si angeuliza jirani?"

"Aliuliza, mama. Imeandikwa hapa: majirani nao hawakupatikana."

"Kwa hiyo sote ni hewa?"

"Mimi sijasema hivyo."

Yosefina alitoa barua ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri. Valentino aliisoma kwa heshima zote, akamrudishia. "Hii inathibitisha mnaishi pale. Haithibitishi kwamba siku ile mlikuwepo. Utaratibu ni mhakiki aje tena, awakute wote nyumbani, na mgonjwa mwenyewe. Hapo rufaa inapita."

"Atakuja lini?"

"Gari likipatikana."

"Baba, huu ndio msimu wenyewe wa ndege."

"Ndege siyo idara yangu, mama."

Jioni, Agapiti alipoelezwa, alitabasamu huku uso umelowa jasho la homa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. Utani wake ulikuwa haujavunjika.

Basi wakamsubiri mgeni. Kila gari lililounguruma barabara ya Mlimba, Yosefina alitoka nje na kujifuta mikono. Yalikuwa malori ya mbao, mabasi, magari ya watu wenye safari zao. Harufu ya mguu ikahama chumbani, ikaingia sebuleni. Akapiga simu ofisini. Gari, aliambiwa, liko kwenye semina.

Kisha Nyamizi, jirani yao wa shamba, akapiga kutoka ng'ambo. "Dada, kwelea kwelea wameshuka. Nimelinda kwangu, kwako siwezi. Njooni, la sivyo mtavuna mabua."

Mpunga ule ndio ulikuwa chakula chao cha mwaka, na wenyewe ndio ungewapeleka Ifakara na kuwaweka huko siku za kulazwa. Hawakuwa na kingine.

"Nenda," alisema Agapiti.

"Niende, waje wakukute peke yako, waseme mke hewa?"

"Basi kaa, tule bima."

Yosefina alitoka nje. Alikuwa na hasira hata hakujua amkasirikie nani. Asubuhi alikwenda bombani, na aliporudi akakuta kitanda kitupu. Simu ikaita.

"Usipige kelele," alisema Agapiti, anahema. "Nimepakiwa kwenye bodaboda, nikavushwa kwa mtumbwi. Naamia nimekaa chini. Kupiga debe hakutaki mguu."

Yosefina alimtukana. Alimwambia arudi sasa hivi, wenye bima watamkosa. Akajibiwa kwamba hao hawaji leo wala kesho. Akatamani kumfuata, lakini akiondoka, nyumba itabaki tupu. Akakaa kizingitini, akalia kwa uchungu.

Kabla ya adhuhuri gari jeupe likasimama uani. Akashuka Valentino mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Angalau leo mpo. Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko shamba."

"Shamba?" Alimtazama. "Mtu anayesubiri kupasuliwa?"

"Twende na gari lako hadi kivukoni, baba, ni hapo ng'ambo tu. Utamwona mguu. Utausikia hata kabla ya kuuona!"

"Mafuta tumepewa ya kufika kwenye makazi, mama. Shamba si makazi."

Aliingia chumbani, akakipiga picha kitanda. Akapiga na ya shuka lenye madoa ya usaha, kisha akaifuta kwenye simu, kwani ilitakiwa picha moja. Akaleta kishikwambi.

"Weka dole gumba hapa, kuthibitisha nimefika."

"Na yeye utaandika yuko wapi?"

"Nitaandika nilichokuta. Usipoweka, hata rufaa yenyewe itahesabika haikusikilizwa."

Yosefina alipangusa kidole kwenye khanga, akabonyeza.

"Pole kwa kuuguza, mama," alisema Valentino, na alisema kwa upole kweli. Gari likageuka.

Simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Agapiti madebe yalikuwa yanalia.

"Nyamizi anasema kaona gari jeupe akiwa juu ya kilindo cha kuangalizia ndege. Ndio wao? Yosefina! Wametukuta?"