Wifi Alivyoniuliza Maswali ya Reli

Wifi yangu hanipendi, nami simpendi, na hilo hatujawahi kufichana. Tangu kaka amwoe tunaishi nyumba moja, jiko moja, bafu moja. Kila asubuhi akinikuta na vitabu vyangu kwenye meza ya sebuleni, hunipita akiongea na sufuria yake: "Mgeni siku mbili." Haimalizi. Anaiacha hapo makusudi, ili jembe nijitajie mwenyewe.

Mgeni! Kwa kaka yangu wa tumbo moja!

Njia ya kutoka mle nilikuwa nayo moja tu, mtihani wa reli. Serikali ilikuwa imetangaza nafasi za wasaidizi wa wakuu wa stesheni. Mshahara upo, sare ipo, na nyumba ya kazi ipo, yenye mlango wake. Mlango wangu mwenyewe, jamani. Waombaji walikuwa kama siafu, na umri wa mwisho ni miaka thelathini, ambayo mwakani naivuka. Nikikosa safari hii, basi tena, ni mimi na wifi na sufuria zake mpaka tuote mvi.

Nilikuwa nimeshaufanya mara mbili nikaanguka. Msinione mjinga. Kusoma nasoma. Shida ni kwamba mtihani ule una roho mbaya: maswali mengi, muda kiduchu, na ukikosea hawakunyimi alama ya swali hilo tu, wanakukata na uliyokwisha kuipata kwingine. Unahitaji mtu akukalie mbele, akusomee swali, aangalie saa, asikupe nafasi ya kupumua.

Kwanza alijitolea kaka. Kaka ni fundi wa friji, mtu mpole, na ananipenda kupita kiasi. Alikamata kitabu cha mazoezi chenye majibu nyuma, akaanza kuniuliza. Akifika kwenye jibu la kweli sauti inapanda na nyusi zinapanda nayo. Nilipata yote. Nikajiona profesa. Nilipojifungia chumbani kufanya karatasi peke yangu, nikaangukia pua.

Wifi alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, mtoto mgongoni, anatusikia.

"Mume wangu," akasema, "nenda kalale. Huyu umemfundisha kusoma uso wako. Hebu nipe mimi."

"Wewe?" nikasema.

"Mimi. Nataka upite, wifi. Upite, uondoke."

Angalau alisema kweli. Nikamwambia na mimi natamani kuondoka kuliko yeye anavyotamani, tukapatana papo hapo, pengine kwa mara ya kwanza maishani.

Kitabu cha kaka alikitupa juu ya kabati. Akataka karatasi za mitihani iliyopita, zile zile halisi, ambazo zinauzwa mtaani kwenye vibanda vya kutoa kopi na hazina majibu popote. Nikacheka kimoyomoyo. Atajuaje kama nimepata au nimekosa, mtu anayemenya viazi?

Akaniuliza swali la kwanza huku anakoroga mchuzi. "Treni ina urefu wa mita mia mbili. Inakwenda kilomita sabini na mbili kwa saa. Inavuka daraja la mita mia tatu. Sekunde ngapi mpaka imalize kuvuka?"

"Kumi na tano!" nikasema, haraka, nimkomeshe.

Akakoroga. Akaonja chumvi. "Na treni yenyewe umeiweka wapi, mfukoni? Kichwa kimetoka darajani, mkia bado uko juu ya maji. Ishirini na tano."

Nilitamani ardhi inimeze. Hata kalamu hakushika.

Basi ikawa hivyo kila siku. Anapofua ananiuliza, anapomwogesha mtoto ananiuliza, nikiwa bafuni anagonga mlango na kuniuliza kasi ya treni mbili zinazopishana. Jambo nililolipata hakulirudia. Nililolikosa alinirudisha nalo kesho, keshokutwa, na wiki inayofuata, mpaka nikalichukia na kulijua. Sifa hakunipa hata moja. Nikipata, kimya, swali lingine. Nikikosa, anaguna. Mguno ule! Ungemsikia ungefikiri ameona panya.

Na sitasema uongo, nilisonga mbele. Hasira ilinifanya nisome kuliko mapenzi ya kaka yalivyowahi kunifanya. Nilikuwa naamka na swali mdomoni.

Kitu kimoja tu tulishindwana. Kuna maswali ambayo huyajui hata ukining'inizwa miguu juu. Wifi alikuwa akiniona natafutatafuta, anaweka mwiko chini. "Usilolijua liache. Acha wazi, nenda mbele. Pengo halikukati, uongo unakukata."

Kwa mtu mwingine ningekubali. Lakini nimwambie yeye, na mwiko wake, kwamba sijui? Thubutu. Nilirusha jibu lolote, la kwanza lililonijia. Mara moja moja lilikuwa la kweli, nikamtazama kwa jicho la ushindi. Mara nyingi halikuwa.

"Unabahatisha," akasema siku moja.

"Nimefikiri."

"Umebahatisha, wifi. Mtihani haukuogopi kama mume wangu anavyokuogopa."

Nikamwambia apike, kazi ya stesheni aniachie mimi. Akanyamaza, akaendelea kukunja nguo za mtoto. Ukimya ule ungenishtua kama ningekuwa na akili, maana wifi hajawahi kuniachia neno la mwisho.

Siku ya mtihani nikatoka mapema. Wifi alikuwa ameshaondoka na mtoto, kaka kasema wamekwenda kwa mama yake wifi. Vizuri, nikasema, niepuke mkosi. Nikafika kwenye shule tuliyopangiwa, foleni imezunguka ukuta mpaka nyuma ya choo. Nikajipanga. Nikainua macho.

Mbele yangu, watu kama kumi hivi, wifi. Amevaa gauni lake la kutokea, kitambulisho mkononi, penseli mbili kazichomeka kwenye nywele.

"Ebo! Unafanya nini hapa?"

"Foleni," akasema. "Na wewe je?"

"Na wewe unafanya mtihani?"

"Umri wangu bado haujapita."

"Hukuniambia!"

"Uliniuliza?"

Nikageuka, na ng'ambo ya barabara namwona kaka, niliyemwacha nyumbani, sasa kambeba mtoto, anaangalia viatu vyake. Alijua! Kaka yangu wa tumbo moja alijua. Ndipo nikaelewa kile ambacho hata kiti kingekielewa. Karatasi zile hazikuwa na majibu. Ili ajue kama nimekosa, ilimbidi kila swali alifanye yeye kwanza, kichwani, juu ya moto, mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nasoma, na yeye alikuwa anasoma mara mbili yangu. Nami nilimwona anakoroga mchuzi tu.

Tukakalishwa chumba kimoja, yeye mstari wa pembeni, naona bega lake na mkono wake. Kengele ikalia. Nikashusha kichwa, na nawaambia ukweli, nilienda vizuri. Madaraja yalikuwepo, treni za kupishana zilikuwepo, ishara na kanuni zilikuwepo. Nilipofika mwisho nilikuwa nimeacha mapengo ya kutosha kwa yale nisiyoyajua, na muda bado. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemtii.

Kisha nikamtazama.

Ameweka penseli chini, mikono kaikunja, anaangalia ubao. Karatasi yake imelala mezani, hata kwa mbali naona viduara vya majibu vyeupe, safu nzima, havijaguswa. Moyo ukaniruka kwa furaha. Kumbe hajui! Mjanja wa jikoni, kashindwa! Nikasema leo nitamwonyesha nani ni nani. Nikachukua penseli nikarudi kwenye mapengo yangu yote, moja baada ya jingine, nikayatia weusi. Sikubakiza hata moja. Nilipokabidhi karatasi yangu ilikuwa imejaa kama sufuria ya harusini, nikampita mlangoni nimeinua kidevu.

"Umejaza yote?" akauliza.

"Yote."

Hakuguna. Alinitazama tu, na sikuupenda ule mtazamo, maana ulifanana na huruma.

Matokeo yalibandikwa ukutani ofisi ya reli. Namba yake ilikuwepo, juu kabisa, karibu na wa kwanza. Yangu haikuwepo. Nilipita kwa kidole tangu juu mpaka chini, nikarudi tangu chini mpaka juu, watu nyuma yangu wakaanza kulalamika, mama, wengine nao wanataka kuona. Karani wa dirishani akanitafutia alama zangu. Majibu ya kweli yalitosha kunivusha. Yaliyokatwa ndiyo yaliyonirudisha chini.

Nyumbani kaka alinunua soda. Akaniambia kwa upole ule ule wake unaoniua: "Pole, mdogo wangu. Mungu ana mipango. Chuo cha reli atakakofunzwa kazi wifi yako ni mbali na mtoto hawezi kwenda huko, kwa hiyo tumefikiri abaki na shangazi yake. Wewe ndiye utatushikia nyumba."

Tumefikiri! Nikaingia chumbani kwao bila hodi. Wifi alikuwa anapanga begi.

"Umeniibia," nikamwambia. "Nafasi yangu umeniibia, kwa mdomo wangu mwenyewe."

Akakunja shati, akaliweka, akakaa kitandani. Hakupandisha sauti. "Nimekuibia nini? Swali gani nililijua nikakuficha? Lipi nililokudanganya jibu? Lile la kuacha pengo, nilikuambia mara ngapi?"

Nilitafuta swali moja, moja tu, nimshike nalo, nikapekua mchuzi wote na ufuaji wote na milango yote ya bafu, nikakosa. Alikuwa amenipa kila kitu alichokuwa nacho. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hata wa kumlaani sina.

"Nilitaka upite kweli," akasema. "Tungeondoka wote, huyo kaka yako akajipikia mwenyewe."

Kutoka sebuleni kaka akaita, kwa sauti ya mtu aliyeshiba furaha na mwenye njaa ya chakula: "Jamani, leo tunakula nini?"

Tukasimama wote wawili, kwa mazoea. Kisha yeye akakaa tena, akavuta zipu ya begi, na mimi nikaenda jikoni.