Kivimbe cha Mwalimu Agustino

Daktari Mjerumani alikuwa ameshaanza kunawa mikono Regina alipomwambia kwamba kazi haijaisha.

"Imeisha, mama," alijibu bila kugeuka. "Ini la ndugu yako limejaa uvimbe. Ugonjwa ulianza hapo."

"Haukuanza hapo, Bwana Daktari. Ulianza tumboni."

Huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu reli ifike Morogoro, na hakuna mwanamke wa milimani aliyezoea kubishana na Mjerumani. Mjomba Fransisko, aliyesimama mlangoni, alimvuta kanga anyamaze. Tangu mwanzo alikataa maiti ya mwana wa ukoo ipasuliwe. Alikubali tu Regina alipompigia magoti. Kwani Agustino, mwalimu wa dini kwa miaka kumi na mmoja, alikufa akiitwa mlevi.

Uso wake ndio uliomponza. Mara kwa mara, akiwa mbele ya wanafunzi, uliiva ghafla, macho yakajaa maji, shingo ikawaka kama ya mtu aliyeinamia moto, kisha akakimbilia chooni. Padri alimwonya mara mbili. Mara ya tatu akamtangaza kanisani na kumnyang'anya ufunguo wa darasa. Regina, dada yake, aliyempikia na kumfulia mashuka, alijua kwamba pombe haikupita midomoni mwake. Lakini alinyamaza. Aliona haya kumtetea mtu ambaye kijiji kizima kilikuwa kimeshamhukumu. Haya hiyo ilimla moyo siku mbili nzima, akifuata machela kuteremka mlima hadi hospitali ya mjini, ambako Agustino alikata roho.

Sasa hakunyamaza.

"Mimi ndiye niliyemuuguza," alisema. "Mwaka wa kwanza utumbo ulimsokota kila akila, hapa chini, upande wa kulia. Wa pili akaanza kuharisha. Uso ulianza kuwaka mwaka wa tatu. Ini lilivimba mwisho kabisa. Vipi lililokuja mwisho liwe ndilo lililoanza?"

Daktari alikausha mikono. Kisha akachukua tena kisu.

Aliupitisha utumbo vidoleni, pima baada ya pima, hadi karibu na pale utumbo mwembamba unapokutana na mnene. Vidole vikasita. Alipasua. Ndani kulikuwa na kivimbe cha manjano, kigumu, kisichozidi punje ya hindi. Alikata kingine kutoka kwenye ini, akavilaza pamoja, kisha akavichungulia kwa hadubini, kimoja kimoja, mara tatu.

"Ni vya aina moja," alisema taratibu. "Kwetu wameandika juu ya vivimbe hivi vya utumbo. Wanasema ni vipole, havihami. Hiki kimehamia kwenye ini."

"Na pombe?"

"Ini la mlevi hukakamaa lote. Hili, pale pasipo na uvimbe, ni laini."

"Na uso kuwaka?"

Daktari alivua miwani. "Hilo sijui."

"Basi andika, Bwana Daktari. Unayoyajua, na hilo usilolijua."

Akaandika. Walipotoka nje, Mjomba Fransisko alinyosha mkono. Aliichukua karatasi, akaikunja kwa uangalifu, akamrudishia Regina kwa mikono miwili.

Padri aliisoma barazani kwa misheni, amesimama. "Tutamzika kando ya walimu wenzake," alisema hatimaye. "Na nitamwombea misa."

"Asante, Padri. Lakini ulimwita mlevi kanisani, mbele ya watu."

"Unataka nini, Regina?"

"Isomwe hapo hapo."

Jumapili kanisa lilijaa hadi milangoni. Padri alisoma akifasiri kutoka Kijerumani, neno kwa neno. Alipofika kwenye maneno "kama alivyoeleza dada wa marehemu," Regina, aliyekuwa ameketi nyuma na wanawake wenzake, alisimama wima.

Padri alingoja aketi. Hakuketi.

Padri akainamisha macho kwenye karatasi, akaendelea kusoma.