Tulikuja Kushukuru

Siku ile nilimzungusha baba Hanoi nzima ili tusifike tulikokuwa tunakwenda.

Alishuka kwenye basi la kutoka Nam Dinh saa mbili asubuhi, viatu vipya miguuni, kikapu mkononi. Ndani mlikuwa na jogoo mzima wa kuchemsha na wali mwekundu wa kunata, vimefunikwa kwa jani la mgomba. Miaka minne nyuma, kabla sijafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, baba alipiga magoti kwenye Hekalu la Fasihi hapo Hanoi, mbele ya wasomi wa kale, akaniombea nisome hadi nimalize. Kwetu, aliyeomba akapewa lazima arudi kushukuru. Asiporudi, siku nyingine aombe kwa uso gani?

Ila mimi nilikuwa sijamaliza. Nilifeli masomo mawili ya mwisho, na nilipopiga simu nyumbani mwezi wa sita nikasema nimefaulu. Nilitaka tu kumsikia mama akicheka.

"Twende moja kwa moja hekaluni," alisema baba.

"Lakini baba, ziwa hujaliona bado!"

Tukaenda Hoan Kiem. Tukavuka daraja jekundu, tukamtazama kobe mkubwa wa ziwani, aliyekufa zamani na kuhifadhiwa ndani ya kioo. Nilimsomea baba maandishi yote ya ukutani, polepole, neno kwa neno.

"Mwanangu," alisema, "kwa mwendo huu hata kobe huyu angeshatangulia."

Nikamtoa hapo nikampeleka Ngome ya Kale, kwa miguu, nikisema si mbali. Halafu Pagoda ya Nguzo Moja, na huko nikamzungusha mara mbili. Hekalu hufungwa saa kumi na moja, na kila nilipotazama saa nilijiona mwizi anayesubiri mlinzi asinzie. Baba hakunung'unika. Kila tuliposimama alipata mtu wa kumweleza.

"Binti yangu huyu. Mhandisi wa maji," alimwambia mama mmoja aliyetuuzia chai ya barafu kando ya njia.

"Hongera mzee! Wa kwangu amesomea kulala."

"Atamaliza tu, dada. Usimkatie tamaa."

Nikainamia glasi yangu.

Saa tisa na nusu baba aliketi ukingoni mwa barabara akavua kiatu. Lengelenge lilikuwa limepasuka na soksi imeshikana na kisigino kwa damu. Aliinua uso akatabasamu, kana kwamba yeye ndiye aliyenichelewesha.

"Viatu vya mjini hivi. Nipe dakika moja, tutaendelea. Bado wapi?"

Hapo nilishindwa. "Hekaluni tu, baba," nikasema, nikachukua kikapu.

Ua wa hekalu ulijaa wahitimu waliovaa majoho, wakipigana picha na kurusha kofia juu.

"Joho lako liko wapi?" aliuliza baba.

"Nimemwazima rafiki." Uongo mwingine huo, tena mlangoni kabisa.

Alimweka jogoo kwenye sinia mbele ya madhabahu, akawasha udi, akanivuta kando yake. "Sema wewe. Jina lako, kijiji chako, na ulichopewa. Mimi niliomba tu. Aliyepewa ni wewe."

Nikakunja mikono. "Mimi ni Tran Thi Khuyen, wa kijiji cha Dong Lac, Nam Dinh..." Nikatazama udi unavyoungua.

"Dada, tuko wengi hapa," alinong'ona mwanamke nyuma yetu.

"Sijamaliza," nikasema. Nilikuwa nimefumba macho, naiambia madhabahu, lakini kiwiko cha baba kilikuwa kinagusa changu. "Nimefeli masomo mawili. Baba hajui."

Yule mwanamke alikohoa, akahamia upande mwingine.

Nilipofumbua macho, mikono ya baba bado ilikuwa imekunjwa. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilimngoja aondoke aniache pale na sinia. Nadhani ingekuwa nafuu.

"Wazee wetu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "tusameheni. Tulikuja kushukuru, kumbe bado tunaomba. Jogoo ni yule yule, mpokeeni hivyo hivyo." Akainama mara tatu. Nami nikainama.

Nje, alitembea kwa kuchechemea hadi langoni. Hakunitazama.

"Ndiyo maana umenitembeza," alisema.

"Nisamehe, baba."

"Mama yako ameshaalika watu. Meza sita, Jumapili." Alitoa simu mfukoni, akanipa. "Masomo utayarudia. Hili la leo, nani atamwambia?"

"Mimi."

Mama alipokea mara moja. Nyuma yake nilisikia watu na vyombo.

"Khuyen! Ngoja, niwaite jirani zetu waje wakusikie!"

"Usiwaite, mama," nikasema. "Kaa kwanza."