Hisa za Mke Mwenza

Marehemu mumewe alikuwa fundi wa mtambo wa kutoboa miamba, na kilima alichokitoboa miaka yote alikibatiza jina: mke wa pili.

"Leo nalala kwa mwenzio," alikuwa akimwambia mkewe kwenye simu, huku mtambo ukinguruma nyuma yake hadi maneno yakatike. Tena alijigamba kwamba kila shimo alilomaliza kulitoboa aliliziba kwa saruji, akaikandamiza kwa dole gumba kabla haijakauka. "Ili mwenzio asinisahau."

Alipofariki, mjane hakukosa maneno yake peke yake. Alikosa na ule mngurumo. Mara nyingine alikanyaga cherehani yake mbio bila kitambaa, asikie angalau kitu kikinguruma ndani ya nyumba.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na habari: kampuni changa ya kutafuta dhahabu imekichukua kilima kilekile, na inauza hisa.

"Wahi, shemeji. Wameshaona dalili. Na dalili ya mvua ni mawingu."

"Mawingu hayajazi pipa."

"Basi mbona macho yamekung'aa? Unataka kumnunua mke mwenza, wewe!"

Mjane alicheka, lakini neno hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Mafao ya marehemu aliyatenga kwa ajili ya paa, maana mvua ikinyesha kitanda huhamia sebuleni. Usiku akapiga magoti. "Mungu wangu, nataka kipande cha mahali alipokuwa. Kama ni tamaa, nizuie."

Asubuhi wakaenda wote wawili kwenye ofisi ya kampuni. Picha ya kilima ilijaza ukuta mzima. Mjane aliitazama kama atazamaye mtu aliyesikia habari zake tu. Binti wa ofisi akamsogezea fomu na kalamu.

"Kazi inaendelea huko, mwanangu?"

"Kwa kasi, mama."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Akakumbuka usemi wa marehemu: kilima kinachofanyiwa kazi hakinyamazi.

"Basi wapigie nisikie."

"Usikie nini?"

"Mngurumo."

Binti akacheka, akapiga simu kilimani, akaiweka kwenye spika. Akapokea mlinzi. Nyuma yake kunguru walikuwa wakigombana, basi.

"Mtambo umezimwa, baba?" mjane akauliza.

"Mtambo gani, mama? Waliubeba tangu kiangazi. Hapa ni mimi na hawa kunguru."

Binti akainama, ghafla ana droo ya kupanga. Shemeji akakuna kisogo.

"Kumbe mke mwenzangu naye ni mjane kama mimi," mwanamke akasema taratibu, akaiweka kalamu chini. Kisha akaisogelea simu. "Baba, hapo karibu pana shimo lililozibwa saruji?"

"Yapo mengi."

"Angalia moja. Lina alama ya dole?"

Viatu vikakwaruza kokoto. "Lipo, mama. Dole kubwa hilo!"

"Weka lako humo."

"Nimeweka."

"Likoje?"

"Lina joto. Jua limelipiga."

Mjane akafumba macho. Alipoyafumbua alimshukuru mlinzi, akairudisha fomu, akashika njia ya ngazi.

"Sasa shemeji, tunakwenda wapi?"

"Kwa fundi wa paa," alisema, kidole chake gumba amekikunjia ndani ya kiganja, kama mtu aliyebeba kaa la moto asilotaka lipoe njiani.