Gari la Marehemu

Dalali aliniamkia mkono mmoja ukiwa mfukoni, nikajua siku yangu imekwisha kuharibika. Nilivumilia kwa ajili ya mjukuu wangu, daktari wa mifugo, aliyetafuta gari la kumfikisha kwa wafugaji wa ng'ambo ya mito, kwenye njia zilizokwisha kulivunja mgongo gari lake dogo. Alikuwa ameambiwa kwamba katika yadi ile ipo stesheni wagoni ya zamani, iliyojengwa juu ya chesisi, ile fremu ya chini, ya lori, yenye nafasi ya masanduku ya chanjo na hata ya ndama mgonjwa. Aliniomba nimsindikize, kwa kuwa, alisema, jicho la babu halidanganywi na rangi.

Rangi yenyewe ilikuwa nyekundu ya kuumiza macho. Lakini chini ya mlango wa abiria niliona kikanyagio cha chuma kilichopinda kidogo kwa nyuma, nikakitambua. Kikanyagio kile nilikichomelea kwa mikono yangu, kwa kuwa mke wangu alikuwa mfupi. Gari lilikuwa langu. Enzi hizo lilikuwa la kijivu, nami nililiuza wakati mama wa mjukuu huyu alipokwenda chuoni, nipate karo yake.

Nilifungua kinywa niseme. Dalali akanitangulia.

Alieleza kwamba mwenye gari alikuwa mwalimu mkuu mmoja, sasa marehemu, Mungu amrehemu. Mafundi wawili waliokuwa wakinywa chai kwenye benchi wakainamisha vichwa. Marehemu, akaendelea, alikuwa mwoga kupindukia. Aliendesha kama anayesindikiza jeneza, na tone la mvua likiliangukia gari alilifuta kwa shati lake. Hakuwahi kulitoa kwenye lami. Mafundi wakainua vichwa, wakacheka.

Nimewahi kutukanwa na watu wenye akili zao timamu, nikanyamaza. Lakini kuzikwa nikiwa nimesimama, kisha kusimangwa kaburini, ni jambo jingine. Mwalimu mkuu huyo nilikuwa mimi, na gari lile lilivuka mafuriko likiwa na mitihani ya wilaya nzima. Lilipeleka hospitali wanawake wenye uchungu. Eti halikutoka kwenye lami. Wakati ule lami yenyewe ilikuwa habari ya kusimuliwa!

Hata hivyo nilisita. Kujitaja mbele ya watu waliokwisha kunicheka ni kujivunjia heshima. Ningeondoka na hasira yangu, kama mjukuu wangu hangefunga mkoba wake wa fedha.

"Samahani, kaka," alimwambia dalali. "Gari lisilojua tope halinifai. Huko niendako, nitajuaje kama litanitoa?"

Dalali alitambua kwamba ulimi wake umemponza. Akaanza kukumbuka kwamba huenda marehemu aliwahi kupita kwenye changarawe, mara moja hivi. Mjukuu wangu akamtaka angalau amfungulie mlango wa nyuma. Hapo ikambidi akiri kwamba haufunguki, maana marehemu aliondoka na ufunguo wake.

"Akaenda nao kaburini?" nikauliza.

"Wazee, babu. Si unawajua."

Nilimkabidhi mjukuu wangu fimbo na koti, nikapiga magoti. Nilipitisha mkono nyuma ya gurudumu, ndani ya boriti ya chesisi. Humo ndimo nilimozoea kuficha ufunguo wa akiba, uliopakwa grisi, ukaviringishwa kwa mpira wa tairi na kufungwa kwa waya. Waya ulikuwa umeliwa na kutu. Mpira ulikuwa bado umeshika.

Ufunguo uligoma, ukafikiri, ukazunguka. Mlango ulifunguka kwa mlio wake ule ule.

"Marehemu anakusalimu," nilimwambia dalali.

Fundi mmoja alipaliwa na chai. Mjukuu wangu alikitazama kile kikanyagio alichozoea kukisikia kikitajwa katika hadithi za bibi yake, kisha akanigeukia.

"Babu, ndilo hili? Na mito lilivuka?"

"Yote, ila mmoja. Huo lilivutwa na ng'ombe."

"Ng'ombe si tatizo," alisema. "Wote wananijua." Akaufungua tena mkoba.

Ghafla dalali akaniita baba, akaniletea kiti. Sikukaa. Nilimwambia kwamba bei atazungumza na mjukuu wangu, lakini kwanza atasimama mbele ya mafundi wale na kuisimulia upya habari ya gari, neno kwa neno kama nitakavyomwelekeza.

Akasimama.

"Na mkono," nikamwambia, "utoe mfukoni."