Mate ya Chiriku

Mate yananitia kinyaa. Nasema wazi ili tusizungushane. Mimi ni msusi. Nimeshika vichwa vyenye mba iliyoganda, nimetoa chawa kwenye nywele za watu wanaoshuka kwenye magari ya kifahari, nimefumua nywele zilizosukwa zikasahaulika mpaka zikaota ukungu, na nikimaliza nanawa, naenda kula chakula changu bila wasiwasi. Lakini mate, hapana. Mtu akitema barabarani mbele yangu, chai ya asubuhi inanipanda kooni.

Basi Mungu, ambaye naye ana utani wake, akanipa mtoto asiyemeza mate.

Chiriku ni jina alilobandikwa na baba yake, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena. Alisimulia ndoto, alisimulia katuni, aliwasimulia wateja wangu saluni mambo ya nyumbani ambayo sikutaka yavuke mlango. Alipokuwa darasa la tatu akaugua koo, homa ya kawaida tu, akapona. Wiki haijaisha, akaamka mtoto mwingine kabisa. Alinawa mikono mpaka ngozi ikachanika. Mwandiko wake mzuri ukawa wa mtoto wa chekechea. Alirudi kukojoa kitandani, alipiga mayowe ukimgusa bega, na kutwa nzima alikuwa na swali moja: "Mdomo wangu msafi?"

Tulizungushwa hospitali nyingi, na wengi waliniambia nimtie adabu. Mwishoni tukampata daktari wa ubongo wa watoto, mzee mpole, akatueleza kwa lugha ya kueleweka. Alisema mwili una askari wake. Hawa wa Chiriku walitumwa kupambana na ugonjwa wa koo, wakapotea njia, wakaingia kwenye ubongo na kuanza kupiga wasiohusika. Akampa dawa. Mtoto akatulia, akarudi kutuchosha kwa hadithi, na sisi kwa furaha yetu tukampeleka kusafishwa meno.

Yule daktari wa meno wa kwanza alikuwa na haraka zake. Alisema hana muda wa kumbembeleza mtoto mkubwa, akaagiza ashikwe. Mume wangu ni fundi magari, mikono yake imezoea kufungua nati zilizoshikana na kutu. Alishika mabega, wasaidizi wakashika miguu, na mtoto akasafishwa meno kama watu wanavyoosha gari. Siku chache baadaye yote yalirudi, tena kwa kishindo. Daktari wa ubongo alisema huenda vijidudu vya kwenye fizi viliingia kwenye damu vikawaamsha askari, huenda ni hofu, huenda vyote viwili. Hakuapa. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, yeye alikuwa na uhakika.

"Huyo mmemdekeza," alisema. "Hakuna cha askari wala polisi."

Safari hii Chiriku aliamua kwamba mate yake ni uchafu na hayapaswi kushuka tumboni. Akawa anatembea na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Anatema, anafunika, anafuta midomo kwa kitambaa. Vitambaa hivyo nilivikuta chini ya godoro, ndani ya viatu, nyuma ya kioo cha saluni. Vikikauka vinakuwa vigumu kama makaratasi, vikiloa vinanuka kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Kumwaga lile kopo ilikuwa kazi yangu. Niliifanya nikiwa nimegeuza uso na kubana pumzi, na bado nilikuwa natapika mara nyingine. Nampenda mwanangu. Kopo lake nililichukia kwa moyo wote.

Na lile swali likaendelea. Nyumba nzima tulikuwa tumejifunza kulijibu bila hata kufikiri. Akiuliza, "Mdomo wangu msafi?" baba yake aliye chini ya gari anaitikia, "Msafi!" Bibi yake anakatisha maongezi ya simu, "Msafi!" Mimi nina kitana mdomoni na kichwa cha mteja mkononi, "Msafi!" Tusipomjibu analia mpaka anakosa hewa, kwa hiyo tulijibu. Lakini mezani hakuna aliyekaa karibu naye. Mama mkwe alikuwa anageuza kiti, eti mgongo unamuuma. Ile harufu ilikuwa inazidi, na sote tuliona ni ya vitambaa na kopo. Nani angeona zaidi, wakati mtoto hafungui mdomo hata kwa mswaki?

Halafu shavu la kushoto likavimba.

Daktari wa ubongo alilitazama, akatikisa kichwa. Alisema bila shaka ni jino, na usaha ukiendelea kukaa humo, wale askari hawatarudi kambini. Jino litoke. Alitupa dawa ya kuua vijidudu aianze mapema, yaliyotokea mara ya kwanza yasijirudie, na akamwonya mume wangu akimtazama machoni kwamba mtoto asishikwe kwa nguvu. Kulikuwa na njia ya kumlaza hospitali na kumpa dawa ya usingizi, lakini foleni yake ilikuwa ya miezi. Miezi! Mtoto alikuwa ameanza kunisahau sura akiamka asubuhi, anakaa kwenye kona ya chumba akiwa amekumbatia kopo. Tulikuwa tumeelekezwa kwa daktari mpya wa meno, na yeye akishindwa, tungebaki na ule uozo kinywani mwake tukimwangalia anapotea kidogo kidogo.

Asubuhi ya kwenda, mama mkwe alikuja na shuka nene, limekunjwa vizuri.

"Mama Chiriku, mtamviringisha humu, mikono ndani. Hafurukuti."

"Mama, daktari amekataza."

"Huyo daktari siye atakayeng'atwa. Baba Chiriku, shika."

Na Baba Chiriku, mwanamume mzima mwenye gereji yake, akalipokea shuka kutoka kwa mama yake akalitia kwapani. Nilimwangalia nikasikia kinyaa cha aina nyingine kabisa.

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Chumba cha kusubiri kilinuka dawa ya sakafu na hofu za watu. Ukutani kulikuwa na picha ya jino linalocheka, sijui linacheka nini. Chiriku alitema, akafunika. Mama mmoja aliyekuwa karibu yetu alihamisha kiti, akamvuta na mwanawe. Mama mkwe akaanza kumweleza kwa sauti kwamba mjukuu wake hakuzaliwa hivyo. Nilitamani sakafu ipasuke initwae.

Walituita wazazi na mtoto, bibi akabaki nje. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza na viatu vya mpira. Hakumwita Chiriku mrembo wala malkia. Alikuwa anajaribu vifaa vyake. Alitumbukiza bomba jembamba kwenye kikombe, likakoroma, maji yakatoweka.

"Yanakwenda wapi?" Chiriku aliuliza.

Nilishtuka. Siku hizo alikuwa na swali moja tu duniani, na hili halikuwa lenyewe.

"Yanaingia ukutani, yanatokea huko nje kwenye mtaro wa maji machafu," daktari alijibu bila kugeuka.

"Hayarudi?"

"Yarudi kufanya nini?"

"Hata kidogo?"

"Hata tone. Ni la kufyonza mate, hili. Watu wote wanafyonzwa."

Chiriku alilitazama lile bomba kwa muda. Kisha akapanda kwenye kiti mwenyewe, kopo mapajani, akanyoosha mkono. Daktari akampa. Akafungua midomo kidogo, akaliingiza, likakoroma, na uso wa mwanangu ukalegea kama wa mtu aliyevua viatu vinavyobana. Mimi na mume wangu tulitazamana. Mdomo tulioubembeleza kwa pipi, kwa vitisho na kwa machozi ulikuwa umefunguka kwa ajili ya bomba.

"Shika hivyo hivyo," daktari alisema, akachungulia kwa kioo chake kidogo. "Gego limeoza mpaka mzizini. Chini yake kuna jipu. Huyu mtoto amekuwa na maumivu makubwa."

Alimweleza Chiriku kila kitu. Atamchoma sindano ya ganzi, itauma. Akiinua mkono, ataacha. Chiriku alifikiri, akaitikia kwa kichwa huku bomba likikoroma. Sindano ilipokaribia, mguu wake ulishtuka. Mguu tu. Mkono hakuinua.

Hiyo ikamtosha baba yake. Alirusha shuka juu ya mapaja ya mtoto na kumgandamiza magoti. "Vumilia, mwanangu! Dakika moja tu!"

Sijawahi kusikia ukelele kama ule. Bomba likaanguka sakafuni. Kopo likapaa, likafunuka, na vyote vilivyokuwemo tangu asubuhi vikanimwagikia kwenye sketi na kuingia ndani ya viatu, vya baridi, vinavyoteleza katikati ya vidole. Daktari alirudisha sindano nyuma upesi.

"Baba, toka!"

"Mimi ndiye mzazi wake!"

"Toka!" Hiyo ilikuwa sauti yangu. "Toka na shuka la mama yako! Mnanitia kinyaa, wewe na huyo mama yako, kuliko mate yote niliyomwaga!"

Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akabaki amesimama hapo, shuka linaburuta. Chiriku alikuwa amefumba mdomo. Mashavu yamejaa, moja limevimba kuliko jingine, macho yametoka. Kopo halipo. Bomba limegusa sakafu, halifai tena. Kumeza hamezi. Pua imeziba kwa kilio. Alianza kubadilika rangi, na mimi nikajua kwamba akitoka kwenye kile kiti, hatapanda kingine tena.

Nikakinga viganja chini ya kidevu chake.

"Tema hapa, mama."

Aliniangalia. Ananijua vizuri kuliko ninavyopenda. Alishaniona mara ngapi nikigeuza uso juu ya lile kopo.

"Tema. Sitaondoa mikono."

Akatema. Yalikuwa ya moto, mazito, yana nyuzi za usaha wa njano, na yananuka harufu ambayo siwezi kuifananisha na kitu kwa sababu kila kitu kingine ni nafuu. Nilisikia chai inapanda, nikaimeza. Sikufuta, sikunawa, nilikaa hivyo hivyo nimekinga mikono, na nikauzuia uso wangu usiseme lolote.

Daktari alichomoa ile ncha iliyoanguka, akaitupa, akachomeka nyingine kutoka kwenye mfuko wake. "Hii mpya. Haijagusa mtu." Chiriku aliitazama ncha, akatazama viganja vyangu, akatazama tena ncha. Akaichukua.

Alichomwa sindano akitoa machozi, mkono hakuinua. Ganzi ilipokolea, daktari akashika jino kwa koleo, akalitikisa huku na huku, likatoka. Na nyuma yake ukatoka usaha.

Harufu ilijaza chumba. Msaidizi aliyevaa barakoa aligeukia dirisha. Huko nje nilimsikia mama mkwe akiuliza nani ameacha mlango wa choo wazi. Mume wangu pale mlangoni alijiziba pua na mdomo kwa lile shuka.

Daktari alisafisha kidonda, akaweka pamba, akamwinua mtoto. Chiriku aliangalia jino kwenye sahani ya chuma, jeusi, limebaki ganda. Akamwangalia baba yake na shuka lake puani.

"Baba," alisema, mdomo umekufa upande, "mlikuwa mnaisikia hii harufu?"

Mume wangu aliteremsha shuka.

"Tulikuwa tunaisikia," nikasema mimi.

"Tangu siku nyingi?"

"Siku nyingi."

"Na mlikuwa mnasema msafi."

Nilitaka kumweleza. Kwamba tulidhani ni vitambaa, kwamba alikuwa analia, kwamba tulikuwa tumechoka. Mate yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye viganja vyangu kwenda sakafuni.

Akamgeukia daktari. "Wewe. Mdomo wangu msafi?"

"Hapana," daktari alisema, akivua glavu. "Una damu na usaha. Meza dawa zako, sukutua kama nitakavyokuonyesha, uje wiki ijayo nikuangalie. Nitakwambia."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akateremka kwenye kiti.

Haikuwa muujiza. Wiki kadhaa aliendelea kutema, usiku aliendelea kulia, kisha polepole mwandiko ukaanza kukaa kwenye mstari, na siku moja nilimsikia saluni akimsimulia mteja jinsi bibi yake anavyokoroma. Siku hizi anameza. Daktari wa ubongo ameridhika sana, hasa kwamba lile swali limekwisha. Chiriku hajatuuliza tena tangu siku ile, mimi, wala baba yake, wala bibi yake. Daktari anasema ni dalili nzuri, askari wamerudi kambini. Mimi namwitikia tu, kwa sababu wiki ile ya pili tuliporudi kliniki, nilimsikia mwanangu akimuuliza daktari wa meno swali lile lile, kwa sauti ya chini ili nisisikie.