Balbu Hufa Zikiwashwa

Mkwe ni mtu wa kukutana naye sebuleni, mara moja moja, kwa adabu, kila mmoja kavaa nguo yake safi. Hivyo ndivyo Mama Balbu alivyojua tangu apate akili. Sasa hebu fikiria kupangiwa kazi chumba kimoja na mkwe wako, Jumatatu mpaka Ijumaa, yeye na chaki mkononi, wewe na aproni yenye matundu ya asidi! Ndiyo yaliyomkuta. Kijana aliyemwoa binti yake wa pili alihamishiwa shule ileile ambayo mama mkwe alikuwa anatunza maabara yake mwaka wa kumi na saba sasa, tena aje kufundisha fizikia, si somo jingine.

Jina la Mama Balbu alipewa na wanafunzi, kwa sababu ukiazima balbu kwake utadhani umeazima mtoto mchanga. Atakuonyesha namna ya kuishika, atakusindikiza kwa macho hadi mezani, na usipoirudisha mapema atakuja mwenyewe kuiulizia hali.

Mkwe hakuwa na neno. Mpole, msafi, kazi yake anaijua. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kumwambia mama mkwe jambo likanyooka. Akitaka sinki lioshwe, ataanzia kwenye hali ya hewa. "Mama, leo joto, eti? Na vumbi nalo, siku hizi limezidi, linaingia hata kwenye..." Hapo Mama Balbu alikuwa keshalisugua sinki lote, na mwalimu bado yuko kwenye vumbi. Nyumbani akimsimulia binti yake, wote wawili hucheka mpaka wanashika mbavu.

Lakini kicheko kilikwisha balbu zilipozidi kufa.

Zilikuwa zile balbu ndogo za majaribio ya umeme, zinazotoshana na ncha ya kidole gumba. Zamani ilikuwa ikiungua moja kwa muhula watu wanashangaa. Muhula huu zimeungua kumi na moja, na muhula haujafika katikati. Mkuu wa shule, mwanamke asiyependa hadithi ndefu, alimwita Mama Balbu ofisini na hata kiti hakumpa.

"Wewe ndiye unayetega kile kisanduku kinachopeleka umeme kwenye balbu, kabla ya kipindi?"

"Mimi, Mkuu."

"Basi unatega umeme mwingi. Mtihani wa vitendo uko wiki tatu mbele. Ikiungua nyingine, ufunguo wa maabara nampa mtunza stoo, na wewe utahamia maktaba ukagundishe vitabu vilivyochanika."

Maktaba ni kazi nzuri, nani kasema si nzuri? Ila Mama Balbu alikuwa hajawahi kuamka asubuhi akatamani kugundisha kitabu. Alichokuwa anaamka akikitamani ni kile chumba chenye harufu ya spiriti, meza zilizochanjwa na vizazi vya wanafunzi watundu, na ule wakati waya wa mwisho unapoungwa na kitu kikawaka. Miaka kumi na saba, na bado kikiwaka anafurahi. Kumnyang'anya ufunguo ule ilikuwa ni kumwambia kwamba miaka yote ile alikuwa mfagiaji tu.

"Mkuu, mimi situmii umeme mwingi," alijitetea. "Tena balbu hazifi zikiwa zinawaka. Zinakufa zikiwashwa. Zote kumi na moja, nimeziona kwa macho yangu."

Mkuu akamwita mwalimu wa fizikia. Maskini mkwe! Alisimama pale akitazama kila kitu isipokuwa mama mkwe. Hayo ya kufa zikiwashwa mama mkwe alikuwa ameshamwambia, naye akajaribu kwa ile ammita ya mshale, kile kipima mkondo cha zamani, akasema: mshale unapanda taratibu, unafika ampea sifuri nukta tatu, unakaa. Ukiwasha ni hivyo, ukisubiri ni hivyo. "Kwa hiyo, kwa kweli, sijaona... yaani, mama anaweza kuwa... labda siku nyingine kisanduku..." Sentensi haikufika popote, ila mkuu alisikia alichotaka kusikia.

Na hapa ndipo Mama Balbu alipofyata ulimi. Kwa sababu kulikuwa na jambo moja alilijua na hakulisema. Balbu zilianza kufa wiki ileile mkwe alipoingia. Sababu hakuijua, ila siku aliikumbuka vizuri. Neno moja tu lingetosha: "Mkuu, mbona kabla ya huyu bwana hazikuwa zinakufa?" Alilimeza. Binti yake alikuwa na ujauzito wa miezi saba, nyumba yake imetulia, mume anamtunza. Nani atie fujo humo kwa ajili ya balbu?

Wiki iliyofuata kikaja kihisi.

Kidude chenyewe cha kupimia umeme hakikuzidi mche mdogo wa sabuni. Kina waya mbili, mwekundu na mweusi, na mkia mmoja wa kuchomeka kwenye kompyuta. Mwalimu alikifungua kwa vidole viwili, na Mama Balbu, pamoja na yote, alimpenda kwa namna alivyokishika. Siku ya kipindi cha kwanza mkuu wa shule alikuja mwenyewe, akaketi benchi la nyuma na daftari lake.

"Hiki ni kihisi cha mkondo," mwalimu aliwaambia wanafunzi arobaini waliobanana mbele yake. "Umeme wote unaokwenda kwenye balbu lazima upite humu kwanza, kama nyinyi mnavyopita getini. Kikishaupima, kompyuta inachora ukutani."

Akabonyeza swichi. Balbu ikawaka, na ukutani mstari wa bluu ukatambaa, umelala shwari kwenye sifuri nukta tatu. Alisubiri, mstari haukutikisika. Sawasawa na mshale.

"Mnaona? Mkondo ni thabiti, toka mwanzo mpaka mwisho."

Nyuma kule mkuu akaandika kitu. Mama Balbu, aliyesimama kando ya sinki, aliiona ile kalamu ikitembea. Basi, kimeniponza na chenyewe, alijisemea. Mshale umenikana, na mashine ya kisasa imenikana. Lakini macho yake hayakutoka kwenye ule mstari, maana kuna kitu hakikumkaa sawa: mstari ulikuwa umechorwa kwa nukta, na nukta zilikuwa zimeachana. Akapiga moyo konde.

"Mwalimu, samahani. Hicho kidude kinaangalia mara ngapi?"

Vichwa arobaini vikageuka. Mama Balbu kuuliza swali darasani! Haijapata kutokea.

"Kinapima mara moja kila sekunde, mama."

"Na katikati ya sekunde na sekunde kinafanya nini?"

"Kinasubiri."

"Kwa hiyo kimefumba macho."

Darasa likaangua kicheko. "Kimesinzia!" alidakia mmoja. Mwalimu hakucheka. Kidole chake kilikuwa juu ya kibodi na hakikushuka. Angeweza kusema asante mama, swali zuri, tuendelee, kengele ikaja kumwokoa. Walimu wangapi wamefanya hivyo! Badala yake alivuta pumzi.

"Mama amesema kweli. Na si kosa la kihisi, ni mimi niliyekiambia kitazame mara moja kwa sekunde. Kinaweza kutazama mara elfu."

"Elfu!" Mama Balbu alishindwa kujizuia. "Kwa sekunde moja?"

"Moja hiyohiyo."

Akaibadilisha namba kwenye kompyuta, akazima balbu, akangoja kidogo ipoe, akawasha.

Loo! Safari hii mstari haukulala. Ulipaa wima mpaka ukapita ampea mbili, ukakaribia mbili na nusu, kisha ukaporomoka na kutulia palepale pa zamani, sifuri nukta tatu. Kupaa kote kule kulikwisha kabla mtu hajapepesa jicho. Darasa lilipiga ukelele mmoja. Mama Balbu alijikuta amekuja mpaka katikati ya chumba, kitambaa kinachuruzika maji mkononi, na hakuwa na habari. Kitu alichokuwa anakijua peke yake kwa miezi miwili sasa kilikuwa ukutani, kikubwa kuliko mlango, kila mtu anakiona.

"Ule uzi ndani ya balbu ukiwa baridi hauna ukinzani mkubwa," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umeme unaingia kwa fujo. Uzi ukishapata moto ndipo unauzuia. Haya ninayafundisha kila mwaka, ubaoni, kwa chaki. Na mama aliponiambia kwa mdomo wake, sikuyakumbuka."

Hapo ndipo Mama Balbu alipoelewa lililobaki, na lilimjia zima zima. Mwalimu wa zamani alikuwa akiwasha balbu kengele ikilia na kuizima kengele ikilia tena. Huyu mkwe wake ana utaratibu wake, mzuri, wa vitabuni, ili waya zisipate joto zikaharibu vipimo: kila kipimo, swichi inawashwa na kuzimwa. Mara thelathini kwa kipindi kimoja. Kila meza. Mungu wangu, alijisemea, huyu mtoto anajichimbia shimo mwenyewe, na mkuu kaketi palepale.

"Basi Mwalimu, tumeshaona," alisema haraka. "Inatosha. Watoto waendelee na mengine."

Mkwe alimtazama. Alitazama machoni kabisa.

"Hapana, mama. Bado."

Alichukua kwenye boksi balbu iliyokwishafifia kioo, mojawapo ya zile zilizochoka, akaifunga. Washa, zima. Washa, zima. Kila mara mstari ukapaa na kushuka. Mara ya sita ukapaa, na kileleni pale ukakatika, ukaanguka mpaka sifuri. Balbu ilikuwa imekufa, na wote walikuwa wameona ilipofia.

"Kwa hiyo kila kuwasha ni pigo," mkuu alisema kutoka nyuma.

"Ndiyo, Mkuu."

"Na nani anawasha na kuzima ovyo humu?"

Wanafunzi, kwa mazoea tu, wala hawakuwa na nia mbaya, waliitikia kwa pamoja kama walivyozoeshwa: "Washa, soma, zima!" Halafu wakaona walichosema, wengine wakaziba midomo.

"Ni amri yangu," mwalimu alisema. "Mama anatega kisanduku vizuri, hajawahi kukosea hata siku moja. Kumi na moja zile nimeziua mimi. Na ya leo, kumi na mbili. Ukiandika, Mkuu, andika jina langu."

Mkuu alifunga daftari. Akamgeukia Mama Balbu. "Wewe ulikuwa unajua zilianza kufa lini?"

"Nilikuwa najua."

"Na ofisini hukusema?"

"Ni mkwe wangu, Mkuu." Akakikunja kile kitambaa cha maji. "Nilishaanza kujizoesha na hiyo maktaba."

Mkuu wa shule, asiyependa hadithi ndefu, alisimama na daftari lake. "Ufunguo kaa nao," alisema. "Na huo mtihani wa vitendo mtaupanga wawili." Akatoka.

Mwalimu alibaki amesimama mbele ya wanafunzi wake, paji la uso limelowa jasho. Mama Balbu alijua kinachokuja: ataanzia kwenye joto, apite kwenye vumbi, na kufika kwenye radhi labda baada ya mjukuu kuzaliwa. Lakini kijana alishuka kwenye jukwaa lake la ubao, akaja mpaka mbele yake.

"Mama, nilikosea. Uliniambia ukweli, nikakuacha usimame peke yako. Nisamehe."

Maneno machache, yamenyooka, mbele ya watoto arobaini. Mama Balbu aliona fahari. Alimwonea fahari binti yake kwa mume aliyempata, na alimwonea fahari huyu kijana kuliko siku aliyokuja na wazee wake kuposa. Angetaka kumwambia yote hayo. Ila watoto walikuwa wanatazama, na kipindi kilikuwa kinakwisha.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Haya, nenda kafundishe."